Mpaka Hyasinti Atembee

Ngumbo,
4 Juni 1995

Mdogo wangu Gaudiosa,

Anayekukabidhi barua hii ndiye Stella mwenyewe, kwa hiyo usimwache mlangoni wakati unaisoma. Mpe kwanza maji ya moto aoge. Najua baridi ya Mbinga ya mwezi huu, na yeye ametoka ziwani na sweta moja tu ya mtumba ambayo mikono yake imepita vidole.

Sisi tupo. Wavuvi wanaleta usipa mwingi, tunaanika mpaka mchanga unakosa nafasi. Tangu baba Stella afariki nafanya kazi zote, sichoki wala sifurahi, nafanya tu. Wanawake wenzangu wanasema nimepoa. Labda ni kweli, sijajichunguza.

Uliniomba mlezi, nami nimekupa mwanangu, maana kahawa ikiiva haimngoji mtu na kitoto cha miezi mitano huwezi kukitundika kwenye mti wa kahawa. Lakini tukumbushane, usije ukasema umeolewa Umatengoni ukasahau ya kwetu. Mlezi anakaa mpaka mtoto atembee. Siku hiyo kitenge kipya kinatandikwa uani, mlezi anakaa upande huu, mama upande ule, na mtoto anakikanyaga kutoka kwa mlezi kwenda kwa mama yake. Kisha mlezi anafungwa kitenge hicho hicho na vumbi lake, hakifuliwi, anarudi nacho kwao watu waone nyayo. Hivyo ndivyo nilivyokulea wewe. Nyayo zako nilitembea nazo kiunoni mpaka mama akanivua kwa nguvu, akisema nanuka.

Stella amefika darasa la tatu. Mwalimu Urbani amekubali jina lake libaki shuleni, ila mwisho ni Januari ya 1997. Ikipita hapo anamfuta. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mtoto gani anakaa chini muda wote huo.

Msalimie shemeji Florian. Umbusu Hyasinti kwa niaba yangu.

Dada yako,
Lukresia


Mbinga,
23 Julai 1995

Dada Lukresia,

Shikamoo. Stella alifika salama, akaoga, akala, akalala na sweta. Asubuhi aliponiona namfunga Hyasinti mgongoni alinyoosha mikono akaniambia nimpe. Tangu siku hiyo mimi na mwanangu tunaonana wakati wa kunyonya tu.

Tuko shambani Namswea tangu mavuno yaanze. Mwanzoni Stella aliogopa mteremko, akawa anashuka kwa makalio. Ngoro zetu za kulimia anaziita mashimo. Jana alikaa na mtoto ndani ya ngoro moja kavu, kwenye kivuli, nikasikia wote wawili wanacheka na sikuwaona.

Mwaka huu kahawa ina wenyewe. Ushirika hauko peke yake tena, wamekuja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mizani yake, wanawafuata watu mpaka majumbani. Florian anatembea kama mtu aliyeteuliwa. Anasema atanunua kitu ambacho Mbinga haijakiona. Nimemwambia anunue bati za jikoni kwanza.

Hyasinti anakaa bila kuegemezwa. Kutembea si mbali.

Mdogo wako,
Gaudiosa


Ngumbo,
10 Desemba 1995

Gaudiosa,

Barua hii inaletwa na Nathaniel, yule anayenunua usipa wetu na kuja kuuza huko kwenu. Mpe kiti, ana maneno mengi lakini hana ubaya.

Sina habari kubwa. Nakutakia Noeli njema. Nataka kujua kama Hyasinti amesimama. Wewe ulisimama kwa kushika mkia wa mbuzi, na mbuzi alipoondoka ukaondoka naye. Mwambie Stella nimemwekea unga wa muhogo, najua huko anakula mahindi tu.

Lukresia


Mbinga,
17 Machi 1996

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Mvua imekata barabara, magari yanalala njiani, na hata kama yasingelala sijui ningeandika nini. Kuna siku nakaa na kalamu mpaka uji unaungua.

Hyasinti alipata homa kidogo wakati wa Noeli. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, sasa anakula vizuri na amenenepa. Meno yametoka mengi. Anamwita Stella "Tea", na mimi haniiti kitu.

Florian amenunua video. Televisheni, mashine ya kanda na jenereta, vyote vimetoka Dar es Salaam kwa lori, vimefungwa magodoro kama wagonjwa. Amejenga banda nyuma ya nyumba, la mabanzi, na mabenchi. Bati za jikoni bado.

Mama mkwe amehamia kwetu. Anasaidia.

Kutembea bado. Wa kiume huchelewa.

Gaudiosa


Ngumbo,
30 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta habari, nikaipata ya jenereta.

Mtoto wa kaka Ignatio, aliyezaliwa baada ya Hyasinti, anakimbiza kuku. Sisemi hivi kwa kulinganisha. Nasema kwa sababu Mwalimu Urbani amenisimamisha kanisani kuuliza, na mimi nimemjibu kwamba Stella atakuwepo Januari. Nimelisema mbele ya watu.

Huku hakuna kipya. Naanika, naanua.

Lukresia


Mbinga,
18 Agosti 1996

Dada Lukresia,

Shikamoo. Umesema nakuandikia habari za jenereta, basi leo nakuandikia za video.

Banda linajaa. Joakim, kijana wa hapa jirani, ndiye anaendesha mashine na kutafsiri, ingawa Kiingereza anakijua kama ninavyokijua mimi. Kanda za ngumi ni za jioni. Mchana, watoto wakitoka shule, anawawekea moja fupi ya zamani, haina rangi, na watu wameipa jina Walezi. Ni watoto wanne wa Kizungu, umri wa Stella hivi. Mama zao wanawaachia vitoto vya kulea, wanavaa kofia, wanakwenda kunywa chai. Basi vile vitoto havikamatiki. Kimoja kinaingia ndani ya saa kubwa na kuchungulia. Kingine kinammwagia paka unga. Mlezi mkubwa anachoka, anavifunga vyote kwa mikanda kwenye miguu ya meza, anakaa ajipepee. Vitoto vinatambaa kwa pamoja na meza inaondoka. Inatoka mlangoni, inavuka barabara na sahani zake, na askari anaisimamishia magari ipite. Hapo Joakim anasema kwa Kimatengo maneno ambayo sitayaandika, na watu wanalia kwa kucheka. Hata wazee wanakuja, wanajidai wamefuata wajukuu.

Mimi nakaa mlangoni nakata tiketi. Nimeiona kila siku na sijacheka. Si kwamba nimenuna. Naangalia vile vitoto vinavyokwenda huku na huku, na ndani yangu hakuna kinachotokea.

Stella anamleta Hyasinti kila siku, wanakaa benchi la mbele kabisa. Hyasinti ndiye anacheka kuliko wote. Stella anasema anamwonyesha wenzake wanavyofanya. Nimemwacha afanye anavyoona.

Bado, dada. Naomba usiniulize tena, nitakuambia mwenyewe.

Gaudiosa


Ngumbo,
3 Novemba 1996

Gaudiosa,

Sitakuuliza. Nitakueleza nilichoambiwa.

Nathaniel alipokuja kuuza usipa mwezi uliopita aliingia kwenye banda lenu. Anasema wale watoto wa Kizungu wanakimbia kwenye televisheni, na mbele yao wa kwenu, dume zima na meno yake yote, limefungwa mgongoni kwa Stella, miguu inakaribia magoti ya mlezi. Filamu ikaisha, watoto wote wakatoka mbio. Stella akasimama na mzigo wake. Nathaniel alimwomba amshushe mtoto amsalimie kiume. Stella akamjibu kwamba mama mdogo amekataza asishushwe mbele za watu.

Nathaniel si mtu wa kuelewa mambo, lakini hili amelielewa na mimi nimelielewa. Mtoto asiposhushwa hajatembea, na asipotembea mlezi harudi. Nimetafuta maelezo mengine nimeyakosa. Umenifichia nyayo za mtoto ili ubaki na mwanangu, uvune kahawa na ukate tiketi.

Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningepanda gari nije. Nimezoea kuchukuliwa vitu, na wewe sikukutegemea, lakini nimeshangaa kidogo tu, kisha nikaenda kuanika.

Namtaka Stella kabla ya Januari.

Lukresia


Mbinga,
8 Desemba 1996

Dada,

Shikamoo.

Nathaniel ameona sawa. Hyasinti anatembea. Ametembea tangu Juni, nami nimekuficha kwa sababu kazi ni nyingi na Stella ananisaidia. Unaweza kunisema kwa ndugu wote, sitabisha.

Stella huyo anakuja na gari la kesho. Nimempa kitenge chake kama ada inavyotaka, rangi kaichagua mwenyewe. Mtoto wako hana kosa lolote, tafadhali shika hilo moja. Yeyote atakayekuambia vinginevyo usimsikilize. Alimlea mwanangu vizuri kuliko mimi.

Gaudiosa


Ngumbo,
19 Januari 1997

Kwa mama mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini na wewe hujambo, na baba mdogo, na bibi, na Joakim.

Nimeanza darasa la nne. Nakaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Wenzangu ni wadogo na wananiita mama, lakini Mwalimu Urbani amewakataza.

Hyasinti anashinda na nani mchana? Asilazwe ubavu wa kulia, anakohoa. Uji wake usiwe mzito. Akilia sana mpulizie shingoni, atanyamaza. Kama Joakim bado anaweka Walezi, naomba Hyasinti apelekwe na akae mbele. Ile meza ikitoka mlangoni, kidole chake kikubwa cha mguu wa kushoto huwa kinacheza. Nilikiona mara mbili. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kicheze vizuri kwanza.

Sijasema kitu kwa mama, kama ulivyoniagiza. Lakini mama alikunjua kitenge, akakitazama pande zote, akakikunja tena. Hakuniuliza.

Mgongo wangu unasikia baridi, ingawa huku ni joto.

Mimi mtoto wako,
Stella


Ngumbo,
2 Februari 1997

Mdogo wangu Gaudiosa,

Kitenge ulichomfunga Stella kilikuja na karatasi ya dukani. Hakikuwa na vumbi hata la kidole. Kwanza niliudhika. Nikasema, huyu amepata video, anaona ada zetu ni ushamba. Nikakiweka sandukuni na sikumwonyesha mtu.

Kisha nikawa namtazama mtoto. Akisimama foleni ya maji anayumba taratibu, kushoto na kulia, kama mtu anayebembeleza, na mgongoni hana kitu. Akikaa anaacha nafasi nyuma yake. Nilivumilia wiki kadhaa. Juzi tukiwa tunaanua usipa nikamuuliza jambo dogo tu, siku ya kitenge mtoto alicheka au alilia.

"Mama," akasema, "siku ya kitenge haikuwepo."

Baada ya hapo alisema yote, taratibu, huku akiendelea kuanua. Kwamba ile homa kidogo ya Noeli ilikuwa degedege iliyomkamata mtoto mchana kutwa. Kwamba alipoamka miguu haikuamka. Kwamba mganga wa hospitali aliwaambia mngoje, mkangoja, na hakuna kilichobadilika. Kwamba mama mkwe wako amesema mbele ya wageni kuwa mtoto amelemazwa na mgongo wa Stella, alibebwa mno, na alikuwa anataka kikao cha ukoo kimhukumu mwezi wa Desemba. Ndipo barua yangu ilipokufikia.

Kwa hiyo ulikubali niseme wewe ni mwizi wa mtoto. Ulilichukua neno langu lilivyo ukalitia sahihi, ili Stella aondoke kabla ya kikao na mimi nisijue habari za miguu. Nimekaa na jambo hili tangu juzi. Sikuweza kuanika. Usipa umeoza, watu wamekuja kuuliza kama naumwa.

Ungeniambia, Gaudi. Ni mimi niliyekulea. Na nikuambie jambo ambalo mama hakutaka ulijue: hata wewe ulichelewa. Ile habari ya mbuzi ilitokea umri umekwenda, watu walikwisha kuanza kunong'ona. Mama alikuwa anachimba shimo mchangani hapa, tunakusimamisha mpaka kiunoni, mimi nakaa mbele yako na maembe. Sisemi kwamba wewe na Hyasinti ni jambo moja. Degedege ni kitu kingine. Nasema mchanga upo na mimi nipo.

Mlete. Stella hatoki shuleni, hilo usiliguse. Mlezi ni mimi sasa. Tutampeleka Liuli hospitali wamtazame, na wakisema hakuna, hakuna. Shemeji Florian akikataa mpe barua hii aisome mwenyewe, na mama yake asomewe pale palipoandikwa mgongo wa Stella, aje anieleze mimi.

Kitenge nakirudisha kwa mkono wa Nathaniel. Nimemwambia kuanzia leo macho yake yatazame usipa. Kwa kuwa mlezi ni mimi, kitenge ni changu, na mimi nasema hakitangoja kukanyagwa. Kitoe kwenye karatasi, umbebee mtoto.

Dada yako, mlezi wako,
Lukresia


Mbinga,
16 Februari 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Nathaniel alinikuta mlangoni pa banda nakata tiketi. Hakutaka kiti. Aliniwekea kifurushi mapajani, akasema pole, akaondoka bila neno lingine, na wewe unajua hilo kwake si jambo dogo.

Barua niliisoma pale pale. Ndani meza ilikuwa inavuka barabara. Nilipofika uliposema usipa umeoza nikaanza kulia, nikashindwa kuacha. Sikulia hospitalini. Sikulia siku Stella alipopanda gari, nilimpungia mkono nikarudi kuchambua mchele. Nilikuwa nadhani nimekuwa mtu wa namna hiyo, asiyelia, na nilishazoea.

Mzee Hildegardi Komba, mama wa jirani, alitoka nje akanikuta hivyo, kamasi na machozi. Akanipiga bega.

"Mama Hyasinti," akasema, "unaiona kila siku na bado inakutoa machozi?"

Nikamwambia ndiyo, ile meza.

Florian amesoma barua. Alikaa nayo uani, jenereta likazima kwa kukosa mafuta, watu wakapiga kelele bandani, hakuinuka. Baadaye alisema atatusindikiza mpaka Liuli na kurudi. Mama mkwe nilimwita uani. Nilimsomea pale palipoandikwa mgongo.

Mwambie Stella kidole nimekitazama, siku zote, meza inapotoka mlangoni. Mimi sijakiona kikicheza. Lakini mimi huwa nakaa mlangoni na kule mbele ndiko alikokaa yeye, kwa hiyo aje akitazame mwenyewe, huenda macho yangu hayajui pa kuangalia.

Barabara ya kushuka ni mbovu, tutashuka hivyo hivyo, gari la Jumamosi. Usituandalie chochote zaidi ya ule unga wa muhogo. Kitenge nimekijaribu leo asubuhi. Ni kipana, kimetufunga wote wawili na ncha zimebaki.

Mdogo wako,
Gaudiosa